Nani Arushe Ndege Ipi? Haki ya Waliotangulia Mashirika Yanapoungana

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Wilaya ya Rungwe, mjini Tukuyu)



Mwalimu wa Mwakaleli au karani wa hapa Tukuyu anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa ndege huchukua basi hadi Uyole, akapita Mbeya, kisha akafika Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kilichoanza kutumika Desemba 2012 badala ya kile kidogo cha zamani mjini Mbeya. Akishapanda ndege, abiria huyo hushughulikia kiti chake, mzigo wake na saa ya kuondoka. Ni nadra sana kwake kujiuliza kwa nini rubani aliyeko mbele amekaa katika ndege ile na si katika nyingine. Hata hivyo, swali hilo limewahi kuleta migomo, kesi za miaka mingi, na hasara ya fedha za umma katika nchi kadhaa. Yafaa litazamwe kwa makini, kwani ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu anayeishi kwa mshahara na kwa orodha ya vyeo.

Kwanza ieleweke jinsi kazi hiyo inavyopangwa. Leseni ya kurusha ndege kubwa haimruhusu rubani kurusha kila ndege. Kila aina ina mafunzo yake: wiki kadhaa darasani na katika mashine inayoiga chumba cha rubani, kisha safari halisi chini ya mwalimu. Ndiyo maana rubani wa shirika kwa kawaida hufanya kazi katika aina moja kwa wakati mmoja. Shirika la Ndege Tanzania, ambalo lilipokea Dash 8 za pangaboi mwaka 2016, Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, na Boeing 737 MAX mwaka 2023, halina kundi moja la marubani. Lina makundi kadhaa chini ya paa moja.

Kila kundi lina utamu na uchungu wake. Ndege ya masafa marefu ina heshima na kwa kawaida ina malipo makubwa zaidi, lakini humtoa mtu nyumbani kwa siku nyingi, ikamvurugia usingizi, na kumpa nafasi chache za kutua. Ndege ndogo ya ndani humrudisha rubani kwake jioni. Lakini kwa siku moja huweza kutua mara nne au tano, katika viwanja vyenye mvua, upepo na milima, na huko ndiko ufundi unakonolewa. Rubani msaidizi wa muda mrefu naye ana mtihani wake: abaki msaidizi katika ndege kubwa, ama awe rubani mkuu katika ndege ndogo? Tena anayekuwa wa mwisho katika kundi kubwa hupata ratiba zilizoachwa na wenzake, zikiwamo zamu za kungoja kuitwa na safari za sikukuu. Wako wengi wanaochagua kuwa wa kwanza katika ndege ndogo kuliko kuwa wa mwisho katika kubwa. Hata teknolojia mpya ina hatari yake. Mwaka 2022 baadhi ya ndege za A220 za Shirika la Ndege Tanzania zilisimama chini kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani. Na ndege isiporuka, marubani wake nao hukosa kazi ya kufanya.

Katika mashirika mengi makubwa, anayetangulia kuchagua ni aliyetangulia kuajiriwa. Kila rubani ana namba yake katika orodha ya ukongwe. Nafasi inapotangazwa, wanaoitaka huomba, na mwenye namba ya juu hupewa kwanza. Wapo wanaouliza: kwa nini asichaguliwe aliye hodari zaidi? Jibu lao ni kwamba marubani wote hupimwa mara kwa mara, na asiyefikia kiwango haruki kabisa. Waliobaki wote wanafaa. Kwa hiyo namba huondoa upendeleo. Zaidi ya hapo, rubani mkuu anayeona hali ya hewa ni mbaya huweza kukataa kuruka bila kuogopa kwamba bosi atamnyima ndege nzuri kesho. Orodha ya ukongwe ni kinga ya rubani na ni kinga ya abiria.

Lakini kinga hiyo ina kasoro moja kubwa. Namba haihamishiki. Inakaa ndani ya shirika moja, na nje ya shirika hilo haina thamani. Shirika likifa, rubani wa miaka ishirini huenda akaanzia mkiani mahali pengine. Na mashirika mawili yakiungana, orodha mbili, ambazo kila moja ni ya haki kwa watu wake, hugongana. Hapo ndipo matata huanza.

YALIYOTOKEA KWINGINE

India ina fundisho la wazi. Mwaka 2007 Serikali ya nchi hiyo iliunganisha mashirika yake mawili ya umma: Air India, lililoruka masafa marefu nje ya nchi, na Indian Airlines, lililohudumia zaidi safari za ndani na nchi jirani. Kabla ya hapo Air India ilikuwa imeagiza ndege 27 za aina ya Boeing 787. Ndege hizo zilichelewa kiwandani, ya kwanza ikafika mwaka 2012, wakati mashirika yamekwisha kuwa moja kwa jina. Je, ndege hizo zilikuwa za nani? Marubani wa Air India walisema ziliagizwa na shirika lao, kwa ajili ya njia zao, na vyeo vyao vilitegemea kuja kwake. Wale wa Indian Airlines walijibu kwamba sasa shirika ni moja, mwajiri ni mmoja, na kwa hiyo mafunzo yawe ya wote.

Uongozi ulipoamua kwamba pande zote mbili zipelekwe kwenye mafunzo, marubani wa Air India waligoma Mei 2012. Mgomo ulidumu siku 58. Safari za nje zilifutwa, baadhi ya marubani wakafukuzwa, na shirika lililokuwa likiishi kwa ruzuku ya walipa kodi likazidi kuzama. Miaka mitano baada ya sherehe za kuungana, watu walikuwa bado wanaitana kwa majina ya mashirika yaliyokwisha kufutwa.

Marekani nako hali haikuwa nzuri zaidi. Mwaka 2005 shirika la America West liliungana na US Airways. Wa America West walikuwa vijana katika shirika changa. Wa US Airways walikuwa wakongwe katika shirika lililofilisika, na wengi wao walikuwa wamesimamishwa kazi. Wakongwe walitaka orodha ifuate tarehe ya kuajiriwa. Vijana walisema: "Tarehe yenu ni ya zamani, lakini viti vyenu vimekwisha potea, mnataka kuketi katika vyetu." Mwaka 2007 msuluhishi, George Nicolau, aliwaweka juu kabisa takribani marubani 500 wa US Airways kwa sababu ya ndege kubwa walizokuja nazo, na waliosimamishwa kazi akawaweka chini. Wakongwe waliikataa hukumu hiyo, wakaunda chama kipya cha wafanyakazi, na shauri likaingia mahakamani. Kwa miaka mingi marubani wa shirika moja walifanya kazi katika makundi mawili yaliyotengwa. Orodha moja ilipatikana mwaka 2016 tu, baada ya US Airways yenyewe kuungana na American Airlines. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na wako waliofikia umri wa kustaafu kabla haki yao haijajulikana.

SHIRIKA LILILOGAWANYIKA

Afrika Mashariki ililiona jambo hili kwa upande wake wa pili, yaani wa kutengana. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka mwaka 1946. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa na Super VC10 za masafa marefu, DC-9, Fokker F27 na Twin Otter. Rubani kijana aliweza kuiona ngazi yote mbele yake: kutoka ndege ndogo ya viwanja vya vumbi hadi ndege ya kwenda London. Ngazi hiyo ilikuwa moja kwa vijana wa nchi zote tatu.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 ngazi hiyo ilivunjika. Kenya Airways iliundwa Januari, shirika la zamani likasimama, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari. Machi 11 likazaliwa Shirika la Ndege Tanzania. Ni vema kukumbuka kwamba siku zilezile za Februari ambazo Jumuiya ilikuwa inabomoka, TANU na Afro-Shirazi vilikuwa vinaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Kwa hiyo mtumishi wa wakati ule alishuhudia kuungana na kutengana katika mwezi mmoja, akaona kwamba yote mawili yana hesabu zake.

Katika kutengana huko hakuna aliyeuliza namba ya ukongwe. Lililoulizwa ni uraia. Super VC10 nne zilizobaki zilirudi kwa watengenezaji Uingereza, na baadaye zikageuzwa kuwa ndege za kubeba mafuta za jeshi la anga la nchi hiyo. Kwa hiyo Mtanzania aliyekuwa ameipanda ngazi mpaka juu alirudi katika nchi ambayo haikuwa na ndege ya ujuzi wake. Shirika jipya lilikuwa na Fokker na Twin Otter, na Boeing 737 zake zilikuja baadaye. Kilichotakiwa kwa watu hao ni kukubali kushuka ngazi ili nchi iwe na ngazi yake yenyewe. Mali ya Jumuiya iliendelea kubishaniwa hadi mwaka 1984, mkataba ulipotiwa saini Arusha na mgawo ukawa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Majengo, injini na karakana viliweza kupigiwa hesabu ya asilimia. Miaka ya mtu kazini haikuingia katika mkataba wowote kwa namna hiyo.

MAFUNDISHO YA UBUSOKA

Ndugu walimu, huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa angani, nayo hayahusiani na Rungwe. Sivyo. Huenda ikawa ni sehemu chache za nchi hii zilizolifikiria suala la wakubwa kuwapisha wadogo kwa utaratibu kama zilivyofanya jamii za Wanyakyusa.

Wazee wanayajua haya, na mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa katika miaka ya 1930, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1951. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembezoni. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini walilala na kukua pamoja kama rika. Kijiji kilikuwa cha watu wa umri mmoja, si cha ukoo mmoja. Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe ya ubusoka. Baba walikabidhi utawala na ulinzi kwa vijana waliokwisha kuwa watu wazima, nao wakasogea kando ili vijana wapate ardhi. Wazee hawakutupwa, walibaki na heshima na wajibu wa matambiko. Kila mtu alijua zamu yake itakuja, na aliyekabidhi alijua kwamba naye alikabidhiwa.

Utaratibu huo ulifaa kwa nini, na ulikufa kwa nini? Ulifaa kwa sababu kilichokabidhiwa kilikuwa ni ardhi ya kulima kwa msimu. Mzee aliyesogea aliweza kulima penye nafasi nyingine. Ilipokuja kahawa, watu wakaongezeka na ardhi ikawa finyu, mambo yalibadilika. Mtu aliyepanda mibuni, akaitunza kwa miaka mingi, hakuweza tena kuiacha na kusogea kando bila kupoteza jasho lake. Vijana nao walianza kutafuta fedha nje, katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako hawakuhitaji kungoja zamu ya mtu yeyote. Kwa hiyo kilichoua ubusoka si utovu wa adabu wa vijana wala uchoyo wa wazee. Mali ilikuwa imebadilika, na kanuni haikubadilika pamoja nayo.

Hapa ndipo mambo ya Rungwe na ya India yanapokutana. Maadamu ndege zilikuwa zilezile, kila upande ungeweza kukaa na zake. Boeing 787 ilikuwa kama mbuni: imepandwa na mmoja kabla ya kuungana, imezaa baada ya kuungana. Aliyepanda anasema ni yake. Wa nyumba mpya anasema ni ya wote. Na kwa hakika kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

NINI KIFANYIKE

Suala hili limekwisha kuingia katika maisha ya watumishi wa umma wa nchi hii. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF. Kila mfuko ulikuja na watumishi wake, na vyeo vyake, na desturi zake. Viti vya wakurugenzi wanne haviwezi kukaliwa na wanne katika nyumba moja. Kabla yake, mwaka 2017, Serikali iliagiza walimu wa masomo ya sanaa waliozidi katika shule za sekondari wahamishiwe shule za msingi. Mwalimu wa sekondari aliyeingia shule ya msingi alimkuta mwalimu aliyefundisha hapo miaka mingi. Nani awe mkuu wa taaluma? Nani achague darasa? Mwenye shahada, au mwenye miaka? Ni swali lilelile la chumba cha rubani, isipokuwa limevaa chaki.

Kutokana na yote hayo, yapo mambo manne yanayostahili kushikwa.

La kwanza, kanuni itangulie mgawo. Namna ya kuunganisha orodha iamuliwe kabla ya tarehe ya kuungana, wakati ambapo hakuna ajuaye kwa hakika atakaa wapi. Ikishajulikana nani atapata na nani atakosa, kila hoja ya haki hugeuka kuwa hoja ya tumbo.

La pili, itengwe mali iliyoletwa na mali itakayochumwa pamoja. Mtu asinyang'anywe kiti alichokuja nacho. Marubani wa nchi nyingine huweka uzio wa muda: kwa miaka kadhaa kila upande hubakia na ndege zake, na zinazonunuliwa baadaye huombewa na wote kwa orodha moja. Uzio usio na tarehe ya kuvunjwa ni utengano. Lakini uzio wenye tarehe humpa mtu muda wa kuzoea. Na kitu kama mbuni, kilichopandwa na mmoja na kuzaa katika nyumba ya wote, kitajwe kwa jina katika mapatano, kisiachwe kifike ndipo kibishaniwe.

La tatu, hiari ya kuchagua iendane na wajibu. Rubani mmoja akihama kwenda ndege kubwa huacha pengo; pengo hilo hujazwa na mwingine ambaye naye huacha la kwake. Kustaafu kwa mtu mmoja juu huweza kuzaa mafunzo ya watu watatu au wanne chini, na kila mafunzo ni fedha nyingi. Ndiyo maana mashirika humtaka aliyechagua abaki katika ndege hiyo kwa miaka kadhaa. Mtumishi aliyesomeshwa kwa fedha za umma kwa ajili ya kazi fulani, naye ana deni la kuifanya.

La nne, awepo mwamuzi asiye na upande, na uamuzi wake uwe na tarehe ya mwisho. Haki inayongojewa kwa miaka kumi na moja huwafikia wengine wakiwa wamekwisha kustaafu.

Ndugu Mwenyekiti, wakulima wa Rungwe wanaochuma majani ya chai na kuyapeleka kiwandani Katumba wanajua kwamba jani lililochumwa halingoji mabishano. Likichelewa, thamani yake hupotea kwa wote, kwa aliyechuma kwanza na kwa aliyechuma mwisho. Shirika la umma ni vivyo hivyo. Wakati marubani wa India walipokuwa wanagombania ndege ambayo ilikuwa haijafika, abiria walihamia mashirika mengine, na wengi hawakuwa na sababu ya kurudi.

Aliyetangulia anastahili heshima ya kutangulia kuchagua. Lakini anapochagua, akumbuke kwamba nyuma yake yuko kijana anayehesabu miaka, na nyuma ya wote wawili yuko mwananchi aliyenunua ndege. Kijana naye akumbuke kwamba kanuni anayotaka kuibomoa leo ndiyo itakayomlinda atakapokuwa mzee. Wenye jukumu la kuunganisha watu wa nyumba mbili waanze na orodha ya majina kabla ya kuandaa sherehe na rangi mpya ya ukutani.